Vijana wa Kibuyuni, shikeni spana wenyewe

Kuna maneno mawili yaliyolaza boti nyingi pwani ya kusini: "Fundi yuaja." Mashine imegoma, imefunikwa turubai, nahodha amekaa kivulini, na kila anayeuliza anapewa jibu hilo. Fundi anatoka Ukunda, au Likoni, au Mombasa kisiwani. Yuaja leo, yuaja kesho. Siku za bahari shwari zinapita, na zikipita zimepita.

Mimi nasema hivi bila kuzunguka: kijana yeyote wa Kibuyuni anayevuta kamba ya mashine ya boti asubuhi anafaa kuweza kuihudumia mwenyewe jioni. Sisemi afungue pistoni. Sisemi atengeneze giya zilizovunjika. Hizo ni kazi za fundi, na alipwe vizuri. Nasema kuosha, kubadilisha oili, kusafisha plagi, kutia grisi, kubadilisha impela. Kazi hizi ndogo ndizo zinazoamua mashine itaishi miaka mingi au itakufa ikiwa bado na rangi ya dukani, na hakuna hata moja inayodai diploma.

Kwa wasee ambao hawajafika huko, Kibuyuni ni kijiji cha ufuoni jirani na Shimoni, kusini kabisa mwa Kwale, kabla hujafika Vanga na mpaka wa Tanzania. Wengi wamekisikia kwa sababu ya mwani, zao ambalo akina mama ndio wamelisimamisha kwa mikono yao, maji yakitoka wao wamo ndani wakifunga mbegu kwenye kamba. Lakini Kibuyuni pia ni kijiji cha wavuvi, na miaka hii mvuvi anayetaka kufika mbali, apate samaki na arudi kabla barafu haijayeyuka, anahitaji mashine.

Ndiyo maana mashine moja ikizimika anayeumia si mwenye boti peke yake. Mabaharia hawana safari. Mchuuzi hana mzigo. Mama karanga hana samaki wa kukaanga jioni. Jamaa wa bodaboda aliyezoea kupeleka samaki kwenye hoteli za Diani anarudi kusubiri abiria. Doo ya kijiji kizima inapita kwenye kile chuma kilichoning'inia nyuma ya boti. Halafu chuma chenyewe hakuna anayekiosha.

Tuelewane kwanza mashine za boti hufa vipi, kwa sababu watu hudhani ni bahati mbaya. "Mashine ilikuwa poa tu, ikazima ghafla." Hapana. Ilianza kufa zamani.

Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari. Inayavuta kwa chini, yanazunguka kwenye njia nyembamba ndani ya chuma, kisha yanatoka. Ukizima mashine na kuondoka, maji yaliyobaki ndani yanakauka na kuacha chumvi. Kesho tena, kesho kutwa tena. Chumvi inajipanga tabaka juu ya tabaka mpaka njia ya maji inaziba. Siku maji yakishindwa kupita, joto linapanda na pistoni inakwama. Hiyo ndiyo "ghafla" inayosimuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ni wa chumvi.

Dawa yake ni pipa la maji matamu. Ukirudi pwani, tia mguu wa mashine ndani ya pipa, maji yapite juu ya matundu ya kuvutia, washa bila kuingiza giya, acha inguruma polepole dakika 10 hadi 15. Usiwashe kamwe mashine ikiwa nje ya maji eti uisikilize sauti kidogo. Impela ni kigurudumu cha mpira chenye mapezi, ndicho kinachosukuma maji ya kupoza, na kikizunguka kikavu kinaungua kwa muda mfupi sana. Kabla ya kuzima, kama hutaitumia mashine kwa siku kadhaa na ni ya kabureta, chomoa mpira wa petroli uiache imalize mafuta yaliyobaki ndani. Petroli ikilala kwenye kabureta inaacha utando unaoziba vitundu vyake.

Najua swali linalokuja: maji matamu yenyewe yako wapi? Upande wetu huu ndoo ya maji ni mali, huwezi kumwambia mama mwenye watoto kwamba unamwagia mashine. Haki kabisa. Lakini maji ya pipa hayamwagwi kila siku. Yanatumika tena na tena mpaka uyaonje uone yamegeuka chumvi. Mvua ya masika ikinyesha, bati la banda la samaki linajaza pipa bure. Kikundi kinachoweza kununua mashine ya laki kadhaa hakiwezi kushindwa na pipa na mfereji wa bati.

Tuje kwenye oili, maana hapa ndipo ujuaji unapowamaliza watu. Mashine nyingi za wavuvi wetu ni za mapigo mawili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli. Kipimo cha kawaida kwa mashine iliyokwisha kuzoea kazi ni 50 kwa 1. Maana yake mtungi wa lita 20 za petroli unataka mililita 400 za oili. Si "mimina kiasi". Si kifuniko kwa macho. Soma kitabu cha mashine yako, tafuta chupa yenye alama za kipimo, basi. Ukipunguza oili ili ubanie pesa, pistoni inasagika. Ukizidisha ukidhani unaipenda mashine, plagi zinajaa masizi na inaanza kukohoa. Na oili iwe ya mashine za boti, ile ambayo mkebe wake umeandikwa TC-W3, siyo iliyobaki kwenye bodaboda ya binamu yako.

Plagi nazo zinaongea, ukijua kuzisikiliza. Ifungue uitazame mdomo. Ikiwa na rangi ya kahawia ya kufifia, mashine iko sawa. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, oili imezidi au petroli haiungui vizuri. Ikiwa nyeupe kama iliyochomwa, kuna joto kupita kiasi, acha safari utafute sababu. Dakika mbili na spana moja, umejua afya ya mashine kuliko anayeisikiliza sauti akiwa amesimama mchangani.

Kisha kuna ugonjwa ambao kwetu Kibuyuni una mlango wake maalum. Bahari yetu ina kamba za nailoni za mwani, vipande vya nyavu na mishipi iliyokatika. Uzi kama huo ukijizungusha nyuma ya pangaboi, yaani ile propela, unasaga sili inayozuia maji yasiingie kwenye giya. Huoni kitu. Mashine inakwenda kama kawaida, kumbe maji ya chumvi yanaingia taratibu kule chini na kula meno ya giya. Njia ya kujua ni rahisi sana. Fungua skrubu ya chini ya mguu wa mashine, acha oili ya giya idondoke. Ikitoka na rangi yake, vizuri. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapo mwite fundi mapema abadilishe sili, kabla hujamwita abadilishe giya boksi zima. Na ukirudisha oili mpya, ipandishe kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ufunge skrubu ya juu kwanza, halafu ya chini. Ukiimimina kwa juu unafungia hewa ndani na utadhani imejaa.

Kila unapopata nafasi, toa pangaboi uangalie kama kuna uzi. Paka grisi kwenye shafti, rudisha, funga pini yake. Angalia pia vile vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya mashine. Kazi yake ni kuliwa na kutu ili chuma chenyewe kisiliwe. Vikishaisha nusu, badilisha. Na usivipake rangi ili mashine ipendeze, maana ukivipaka rangi havifanyi kazi tena.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawajalipigia hesabu. Vitabu vya mashine husema oili ya giya ibadilishwe kila saa 100 au kila miezi sita. Watu wanashika hiyo miezi sita. Lakini kitabu kinamfikiria pia yule mtu wa Ulaya au Marekani anayetoka na boti Jumamosi kwenda kuota jua, ambaye saa 100 anazimaliza kwa mwaka mzima kama ana bidii. Wewe unaendesha saa nne kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Piga hesabu: umemaliza saa 100 ndani ya mwezi mmoja! Ukisubiri miezi sita umepitisha saa 600 kwa oili ile ile. Impela nayo kwenye maji yetu mafupi inavuta mchanga na vipande vya mwani kila siku, haiwezi kuishi kama ya mtu wa maji ya kina. Kwa hiyo hata kalenda ya huduma haiwezi kuandikwa na mtu wa mbali. Anayejua saa alizotembea ni nahodha mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipotaka tufike. Tatizo letu kubwa si spana, ni umiliki. Miaka hii serikali ya kaunti na miradi ya wafadhili imekuwa ikitoa boti na mashine kwa vikundi. Picha zinapigwa, utepe unakatwa, watu wanakula pilau. Asubuhi yake mashine ni ya kikundi, na kitu cha kikundi kina tabia mbaya moja: kila mtu anakitumia, hakuna anayekiosha. Aliyeitumia leo anasema ataosha wa kesho. Wa kesho anasema hakuiacha yeye. Mweka hazina anasema hakuna bajeti. Mashine ikifa, kikundi kinaandika barua kuomba nyingine.

Naomba tuache barua hizo. Mfadhili akisikia mashine imekufa bila daftari hata moja linaloonyesha ilihudumiwa lini, kwa nini alete ya pili? Kila mashine ya kikundi iwe na mtu mmoja mwenye jina, ambaye bila saini yake haitoki. Iwe na daftari la shilingi chache: tarehe, saa ilizotembea, nani aliosha, oili ilibadilishwa lini, rangi yake ilikuwaje. Na kila safari, kabla ya mgao, itengwe sehemu ya mashine, kama vile tunavyotenga ya chombo na ya nyavu. Kamati za ufuo, zile BMU, zina uwezo wa kuweka kanuni hii wiki hii bila kusubiri mtu wa Nairobi.

Kuna watakaosema nawanyima mafundi riziki. Mimi naona kinyume. Fundi mzuri hakusomea kuosha chumvi. Anayeletewa mashine mapema, na mtu anayeweza kumwambia "oili imegeuka nyeupe tangu Jumanne", anatengeneza haraka, analipwa, na mashine inarudi kazini. Anayeletewa maiti hupata lawama tu, maana vipuri vya kuifufua vinakaribia bei ya mpya. Wengine watasema vijana wataharibu zaidi. Ni kweli, ukianza kwa kuvunja vunja. Ndiyo maana mara ya kwanza umlipe fundi akufundishe huku wewe umeshika spana yeye ameshika soda. Na kama mashine bado ina dhamana ya duka, waachie wao kufungua. Kuosha kwa maji matamu hakuvunji dhamana ya mtu.

Tena wazee wetu hawakuwa hivi. Nahodha wa mashua alijua chombo chake kinavujia wapi. Alikokota pwani, akasugua, akapaka shahamu, akaona pamba ya kalafati iliyolegea kabla bahari haijamwonyesha. Nyavu ikichanika hakumwita mtu kutoka Mombasa, alikaa chini akaishona huku anapiga soga. Leo tumepokea chombo chenye kasi zaidi, halafu tukaacha ile tabia ya kukijua.

Hii si habari ya pesa peke yake. Ukishatoka nje ya miamba ya Kisite unaingia Mkondo wa Pemba, ambako kina ni mamia ya mita na nanga yako haina pa kushika. Mkondo wa pwani hii unaelekea kaskazini. Mashine ikizimika hapo jioni, unaanza safari ambayo hukuipanga, na simu haina mtandao. Plagi ya akiba, spana yake, pini ya pangaboi, kisu cha kukatia uzi, tochi, maji ya kunywa na kasia vinaingia kwenye debe moja dogo. Pamoja na jaketi za kuokolea maisha, debe hilo ndilo tofauti kati ya kuchelewa chakula cha usiku na kutafutwa na kijiji kizima. Lakini debe lenye spana halimsaidii asiyejua kuifungua plagi mawimbi yakiwa yanamrusha. Hilo hujifunzwi huko nje. Linajifunzwa ufuoni, juu ya mchanga, kifuniko cha mashine kikiwa wazi.

Nawaona pia dada zetu wakisoma hapa wakidhani hii ni stori ya wanaume. Kwani nani alisema? Waliolifanya jina la Kibuyuni lisikike nchini ni wanawake wanaofanya kazi ndani ya bahari. Mwani ukivunwa mbali na pwani, boti yenye mashine inaokoa mgongo. Siku kikundi cha akina mama kikiwa na mashine yake na msichana wake anayeihudumia, hakitamsubiri nahodha wa mtu. Na wao wana sababu ya ziada: oili chafu ikimwagwa mchangani inarudi na maji kwenye mashamba yao. Kwa hiyo oili iliyotumika iingie kwenye kopo lenye kifuniko, lisirushwe, lirudishwe mjini kwa wanaoikusanya gereji.

Na wewe wa Nairobi au Nyali, unahusika vipi? Kwanza, kuna vijana wa mjini wanaochanga pesa wakanunua boti na kumwachia jamaa ushago. Kama unanunua mashine, nunua na pipa, seti ya spana, impela ya akiba, na siku moja ya mafunzo. Pili, ukienda Wasini kuona pomboo, angalia nyuma ya boti kabla haijaondoka. Panatakiwa kuwa na maji yanayoruka kutoka kwenye mashine kama mkojo wa mtoto, yakiwa na nguvu na bila kukatika. Yasipoonekana, uliza. Nahodha anayejua kazi yake atakujibu kwa raha. Atakayekasirika, shuka.

Kaunti nayo ina la kufanya. Vyuo vya ufundi vinafundisha magari, umeme, ushonaji. Pwani hii yenye bandari ya uvuvi pale Shimoni, kwa nini kijana wa Majoreni, Kibuyuni au Gazi asipate kozi fupi ya mashine za boti karibu na nyumbani? Kila mradi unaotoa mashine utoe na mafunzo ndani ya bajeti hiyo hiyo, na yatangulie kabla ya utepe. Lakini tusijifiche nyuma ya kaunti. Pipa, daftari na spana ya plagi havisubiri bajeti.

Kusi ikianza, kuanzia Aprili hivi, bahari inachafuka na boti nyingi zinakaa pwani. Wengi tunazichukua siku hizo kuwa za kucheza bao na kulalamika. Ndizo siku za kufungua mguu wa mashine, kuweka impela mpya, kubadilisha oili, kukagua zinki na kupaka grisi kila sehemu inayozunguka, kwa utulivu, bila mtu wa kukuharakisha. Kaskazi ikirudi Novemba, bahari itatulia kwa wote. Samaki watakuwa wa yule ambaye mashine yake itawaka kwa mvuto wa kwanza.